Paa la Kizuka

Serikali ya Mwingereza ilitusaidia mara moja tu maishani mwangu, na mpaka leo sijaupona msaada ule.

Wakati huo Kurasini ilikuwa bado minazi na nyumba za udongo, kabla ya makontena na malori. Usiku mmoja ikatupiga tufani. Sitasimulia upepo ulivyovuma, maana kila mzee wa Kurasini ana tufani yake na kila akiisimulia inazidi ukubwa. Nitasema tu kwamba kulipokucha minazi ilikuwa imelala chini na nyumba nyingi zilikuwa wazi juu, ukipita unaona kitanda cha mtu, chungu chake na siri zake nyingine alizokuwa akizificha uvunguni. Namshukuru Mungu kwamba hakufa mtu.

Mama yangu alikuwa kizuka. Baba alikuwa amefariki wiki chache kabla, na mama alikuwa anakaa eda kama desturi na dini inavyotaka: miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani kwa mumewe, hajipaki hina wala wanja, wala haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani ndugu au mkwe asiyeweza kumwoa. Mimi nilikuwa nimeolewa nyumba chache kutoka hapo. Tulipokimbilia kwa mama asubuhi ile tulikuta paa lote limekwenda na kuta zimebaki. Yeye alikuwa amejikunyata kwenye kona ya chumba chake, kajifunika mkeka, analalamika kwamba chumvi yake imeloa.

Nikamwambia twende kwangu. Akakataa. Mwalimu wa msikitini akamtuma mkewe aje kumweleza kwamba hii ni dharura, sheria inamruhusu kuhama. Mama akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Kuta si zipo? Mlango si upo? Nimeingia nyumba hii mwari, nimekaa na mume wangu hapa mpaka nimemfumba macho. Sitamkimbia kwa sababu ya upepo. Nikitoka, nitatoka eda imekwisha, kwa mlango huo, nimeoga."

Nilikuwa namjua mama. Hapo hapakuwa na mjadala tena. Kilichobaki kilikuwa kumpatia paa kabla ya masika, kwa kuwa nyumba ya udongo ikinyeshewa bila paa inarudi kuwa tope, na kizuka hawezi kukalia eda kwenye tope.

Kwa kawaida hilo lisingekuwa jambo la kunikosesha usingizi. Kwetu nyumba ikipoteza paa hakuna anayeombwa. Kunapigwa msaragambo, wanawake wanakusanya makuti, wanayaloweka, wanakaa uani kusuka na kusengenya, na wanaume wanapanda juu kuezeka. Mwenye nyumba kazi yake ni kupika wali na samaki na kuvumilia maneno. Paa linakwisha kabla umbea haujaisha. Na mwaka ule makuti yalikuwa yamelala njiani, unayaruka ukienda kisimani.

Ndipo akaja Bwana Shauri, ofisa Mwingereza wa wilaya.

Alikuja na gari, na kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikasimama peke yake, na karani wake, kijana wa bara aliyesoma misheni, mpole, aliyekuwa akitafsiri huku anatazama viatu vyake. Tukaitwa kwenye uwanja wa mpira. Bwana Shauri akasema serikali imeguswa sana na msiba wetu. Imeleta mablanketi, imeleta unga wa mahindi wenye ladha ya gunia, na imeleta mahema yatakayosimamishwa papo hapo uwanjani. Halafu akaeleza utaratibu, na utaratibu ule nitaukumbuka kaburini. Aliyeathirika, alisema, ni yule asiye na mahali pa kulala. Asiye na mahali pa kulala atalala hemani. Na kila atakayelala hemani mpaka serikali imalize kazi yake atapewa mabati ya kuezekea nyumba.

Mabati. Vijana wa leo hawawezi kulielewa neno hilo lilivyotuingia. Siku zile nyumba ya bati ilikuwa ya Mhindi, au ya mtu mwenye ndugu serikalini. Niliona watu wazima wenye ndevu wakilambalamba midomo.

Kabla ya magharibi mahema yalikuwa yamejaa. Walioingia kwanza walikuwa wale ambao tufani haikuwagusa, kwani walikuwa na nafasi ya kujiandaa. Jumbe wetu, ambaye nyumba yake haikupoteza hata kuti moja, aliingia na wake zake wote wawili, na kitanda chake cha chuma kikatangulia mbele kikibebwa na watu wanne. Jirani yangu mmoja, aliyeachiwa nusu ya paa, alipanda juu akaimalizia tufani kazi yake kwa mikono. Nilisimama chini nikimtazama anang'oa makuti mazima na kuyatupa. Nikamuuliza kama ana akili timamu. Akanijibu, "Wee subiri bati langu, utakuja kuomba kivuli."

Kila jioni karani alipita kuangalia nani yumo na nani hayumo. Asiyekutwa hemani alihesabika kuwa ana kwake, na mwenye kwake hana bati. Basi hakuna aliyethubutu kusogea. Nilizunguka kwa wanawake niliocheza nao ngoma, ambao harusi zao nilipika mpaka macho yakavimba kwa moshi. Nikawaambia shoga, njooni tumsukie mama makuti. Mmoja baada ya mwingine akasema, "Mie ningekuja, shoga. Ila karani akipita?" Karani alikuwa hapiti mpaka jioni, na wao walikuwa wamekaa kutwa nzima wanapepea nzi. Lakini walishaingiwa na hofu kwamba ukitoka hata kwenda chooni bati lako linakwenda kwa mwingine. Wanaume ndio hao hao. Tufani iliangusha mapaa yetu tu. Kilichouangusha msaragambo ni huruma ya serikali.

Nikaenda kwa jumbe. Nilimkuta hemani, amelala juu ya kitanda chake cha chuma, mke mdogo anamkanda miguu.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako bado yuko kulekule?"

"Yuko, na hana paa. Nimekuja umwombee kwa Bwana Shauri. Hataki hema, anataka jina lake tu lisisahaulike."

"Si analala kwake? Anayelala kwake hajaathirika. Ndivyo serikali inavyosema."

"Jumbe, ni kizuka. Wewe mwenyewe ulimzika baba."

"Mie eda naijua sana. Serikali ndiyo haiijui."

"Basi si uwaambie?"

Akajigeuza kitandani kidogo, akashusha sauti. "Nikianza kuwaambia za mama yako, na wao wataanza kuniuliza za kwangu. Mwanangu, nyumba yangu unaiona ilivyo. Niache."

Sijawahi kumsikia kiongozi akisema kweli tupu namna ile, na nilimchukia zaidi kwa kuisema.

Bwana Shauri alipokuja tena nikamngoja penye gari lake. Nikamweleza karani yote, na kwa haki yake karani alitafsiri vizuri, hata akaongeza maelezo, kwani nilimwona akionyesha kidole upande wa nyumba ya mama na Bwana Shauri akitikisa kichwa. Jibu likarudi: hawezi kuja usiku mmoja tu, aonekane, kisha arudi? Nikasema kuonekana ndiko kusikofaa. Bwana Shauri akafikiri. Akasema serikali inaziheshimu mila za wenyeji, kwa hiyo haitamlazimisha mama kuja hemani. Akapanda gari akaondoka. Nimeheshimiwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini heshima ya namna ile sijaipata tena.

Nilimpelekea mama habari zile nikiwa nalia kwa hasira. Yeye hakulia. Akaniambia nirudie maneno ya Bwana Shauri, nikarudia. Akayashika.

"Haya," akasema, "lete makuti."

Tukaanza. Nilikuwa nayakokota kutoka njiani, nayaloweka kwenye shimo uani, kisha namrushia juu ya ukuta, maana kufungua mlango mara kwa mara alikuwa hataki. Yeye alisukia ndani, chumbani kwake, chini ya mbingu tupu, asubuhi mpaka adhuhuri, akijifunika kanga kichwani kwa jua. Mikono yake ilipasuka. Aliniambia kizuka ameharamishiwa wanja, hajaharamishiwa kazi.

Aliyeezeka alikuwa mume wangu. Kwa kuwa ni mkwewe, ni maharimu wake, na hapakuwa na mwingine. Yeye alikuwa kuli bandarini. Gunia alilijua, fito hakuzijua. Kila akitoka kazini alikuwa anapanda juu na kamba menoni, akizikaza kama anafunga shehena, na mama chini anamsuta.

"Baba, huko juu unaezeka au unapakia meli?"

"Mama, mie nafunga isiondoke tena."

"Haitaondoka, lakini naona nyota upande wa mlangoni."

Lilikuwa paa baya. Liliinama upande mmoja, upande mwingine likavimba, na makuti yaliisha kabla ya kufika barazani, kwa hiyo baraza likabaki wazi. Lakini ndani halikuvuja. Waliokuwa wakipita kwenda kuchota unga wao walicheka. Jirani yangu wa kungoja bati alicheka kuliko wote.

Masika yakaingia.

Sasa uwanja ule wa mpira, kila mtoto wa Kurasini aliujua. Ni bonde. Kiangazi tunacheza mpira, masika wanaogelea bata. Bwana Shauri hakumuuliza mtu, na jumbe, aliyezaliwa hapo, hakusema kitu. Alikuwa na haraka ya kusimamisha kitanda. Siku ya kwanza watu walikunja mikeka. Siku ya pili maji yakaingia hemani. Mchana mmoja mvua ikapiga kiasi kwamba mahema yakalegea yakalala juu ya watu, na nikaona wanawake wanakuja mbio wamebeba watoto, wanapita nyumba zao wenyewe, zilizokuwa hazina paa na sasa hazina na kuta, wanakuja kwenye nyumba pekee ya mtaa ule iliyoezekwa tangu tufani.

Walifika mlangoni wakasita, wana haya. Mama akafungua mwenyewe, kajificha nyuma ya ubao wa mlango. Akasema, "Ingieni. Watoto mbele." Wakaingia, shoga zangu wote wale, wakajaa ukumbini wakitiririka maji, na hakuna aliyeniangalia usoni. Mama akawasha moto.

Mimi nilikuwa karibu na mlango niliposikia gari. Bwana Shauri alikuwa amekuja kutazama mafuriko, gari likanasa kwenye tope mbele yetu. Akashuka na karani wake, jumbe akawaongoza, wote watatu wakakimbilia barazani kwetu. Baraza, kama nilivyosema, lilikuwa halina paa. Wakasimama wamebana ukuta, maji ya paa zima yanawamwagikia mabegani.

"Hodi," akasema jumbe.

Mama akauliza kutoka ndani, "Nani?"

"Ni mie, jumbe. Niko na Bwana Shauri. Tunaomba tujisitiri mvua."

Mama akausogelea mlango bila kuufungua.

"Jumbe," mama akasema, "umeathirika?"

Nilimwona kwenye ufa wa mlango, kofia yake imelala masikioni.

"Aliyeathirika analala hemani," mama akasema. "Hema zako zile pale. Mie ni kizuka, mwanamume haingii humu. Mwambie Bwana Shauri serikali imesema inaziheshimu mila zangu, nami naishukuru sana. Aendelee kuniheshimu hapo hapo alipo."

Karani akatafsiri. Sijui alitafsiri nusu au yote, ila alitafsiri kwa muda mrefu, na safari hii hakutazama viatu vyake. Walisimama pale mpaka mvua ilipoisha, na wanawake ndani walikuwa wamejiziba midomo kwa kanga.

Mabati yalikuja baadaye, machache. Yaliishia juu ya nyumba ya jumbe, ambayo ilikuwa na paa tangu mwanzo. Jirani yangu hakupata. Mvua ilipopungua alikuja bila kuitwa, akiwa na fito begani, na nyuma yake wanawake na makuti, wakamaliza baraza la mama. Nilipika mimi. Sikuwasemesha sana.

Eda ilipokwisha tukamwogesha mama, tukamvika kanga mpya, akatoka kwa mlango ule alioutaja. Akashuka barazani, akatembea hatua chache uani, akageuka kulitazama paa lake. Kwa ndani alilizoea, kwa nje alikuwa hajaliona. Akalitazama lilivyopinda, upande huu chini, upande ule juu, kamba za bandarini zikining'inia. Mume wangu akaanza kuomba radhi, akasema atalivua aliezeke upya.

"Uliguse uone," mama akamwambia.

Akaendelea kulitazama. Kisha akasema taratibu, si kwetu, "Umeona, mume wangu? Sikutoka." Na hapo ndipo mama yangu alipokaa chini kwenye mchanga, na kanga yake mpya, akalia.