Tonge la Mkono wa Fenta

Shemeji yangu Fenta aliondoka hapa kwetu Gojam kwenda kujenga bwawa la umeme wakati binti yake, Yitayish, anatambaa. Sasa mtoto ana miaka minane. Muda wote huo Fenta ameshika vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege bichi ili lisibaki na mapovu ndani. Zege likishaanza kumwagwa halina kupumzika, hata jua la kule bondeni liwake vipi. Likizo alipata mara mbili, na zote mbili ziliishia huko huko kitandani kwa malaria.

Shamba lake la tefu, nafaka yetu ya mkate, nililima mimi, na nasema wazi kwamba nilichoka. Nilichoka naye, nikachoka na bwawa lenyewe. Nyaya zilipita juu ya vichwa vyetu zikaenda zao kuuzia umeme nchi za jirani, na sisi bado tunapikia kuni.

Pasaka ya mwaka huu akaja. Nilimpokea barabarani nikamkuta amezeeka.

"Shemeji, kumbe walikujengea humo humo ukutani?" nikamtania.

"Nusu yangu imo," akajibu, wala hakucheka.

Njia nzima alikuwa na swali moja: Yitayish atapokea tonge langu? Kwetu, siku ya kufungulia baada ya mfungo mrefu, baba humlisha mtoto kwa mkono wake. Asiyepokea tonge lako amekukataa mbele ya watu. Na Yitayish humwita baba yake "yule wa bwawa".

Asubuhi ya Pasaka, siku ya tatu tangu afike, tukalizunguka sinia: Fenta, mkewe na binti yao, mimi na mama yangu. Fenta akamega injera, ule mkate wetu mwembamba wa tefu, akaifunga na mnofu wa kuku na kipande cha yai, akanyoosha mkono kwa bintiye. Mkono ukaanza kutetemeka. Mchuzi ukachuruzika kwenye gauni jeupe la sikukuu, yai likaanguka.

"Uchovu wa safari tu," akasema harakaharaka.

"Mpokee baba yako, we mtoto!" mama yangu akafoka.

Yitayish akakaza midomo. Ule mkono ukabaki hewani ukitetemeka, nikaona aibu hata kuutazama. Nilikuwa nimemwita Fenta mvivu kwa kuniachia shamba, tena mara nyingi.

"Mbona unaniogopa?" mtoto akauliza.

"Nakuogopa kweli," Fenta akasema. "Mwaka wa saba huu."

"Mimi mbona sing'ati!"

Akafungua mdomo, akaufuata mkono huku na huku kama kifaranga anayewinda panzi, mpaka akalinasa tonge. Akatafuna, mashavu yamejaa. Mama akapiga vigelegele. Mimi machozi yalinitoka, nikasingizia pilipili.

"Lingine, baba," Yitayish akasema.

Ni dada yangu Bosena, mkewe Fenta, ambaye hakushangilia. Alikuwa ameacha kula. Macho yake hayakubanduka kwenye ule mkono.

"Umefika juzi, umelala siku mbili," akasema polepole. "Uchovu gani huo wa safari, baba Yitayish? Hebu nione na wa kushoto."

Fenta akamfuta mtoto mchuzi kidevuni kwanza, taratibu, kama hajasikia.

"Wa kushoto ndio ulioanza, kule kwenye vaibreta," akasema.