Sakafu Inayotetemeka

Adalbert hana ugomvi na elektroni. Hasira zake zote ni za sakafu. Mkewe, Sylvie, alipomuuliza utafiti wake wa fizikia ni wa nini hasa, alimweleza: elektroni hukimbia vizuri ndani ya utando wenye unene wa atomi moja, ila sakafu iliyo chini ya utando ina atomi zenye chaji, na zikitetemeka huiyumbisha elektroni. Dawa ni kubadilisha sakafu.

"Na siye hapa Munigi, chini ya volkano, Papa Victoire, utatubadilishia wakati gani?" Sylvie akamuuliza mumewe.

Kabla hajajibu, volkano ikatikisa nyumba, vikombe vikagongana. Adalbert akarukia mlangoni. Victoire, binti yao mdogo, aliinua tu kalamu, akangoja ardhi itulie, akaendelea kuchora.