Mkuki Ulioshikwa Kama Pondo

Kwa miaka kumi na moja nilimkana babu yangu hadharani, na mara moja redioni. Sikumkana kwa ubaya. Nilikuwa nimeshaandika sura nzima juu ya picha yake.

Picha yenyewe niliinunua kwenye duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, nilipokuwa natafuta cha kuandikia tasnifu. Ni kadi ya posta ya zama zile meli za wageni zilipokuwa zikitia nanga Unguja, kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Kijana amesimama, ngozi begani, mkuki mikononi, ndama ubavuni, vilima nyuma. Chini pamechapwa: mchungaji wa nyika za mbali, bara. Nikaamini, kama nilivyoamini wakati ule kila kilichochapwa. Nikaandika juu ya "macho yaliyozoea upeo usio na ukuta." Sentensi hiyo niliipenda mno. Tasnifu ikawa kitabu, na kijana akakaa kwenye jalada.

Nakala ya kwanza nikampelekea shangazi yangu Kikwajuni. Nilimkuta anachambua mchele. Alilitazama jalada, akaweka sinia chini.

"Baba huyu," akasema.

"Baba wa nani, shangazi?"

"Babaangu mie. Na babu yako wewe, usijitie mgeni."

Babu yangu alikuwa Mtumbatu, mtu wa bahari, aliyekufa kabla sijazaliwa. Hakuwahi kuchunga hata mbuzi. Lakini shangazi alisimuliwa na babake mwenyewe jinsi siku moja, alipokuja mjini, mpiga picha alivyomshika mkono barabarani akamwingiza ndani. Wageni wa meli walitaka picha za wachungaji wa mbali, na wachungaji wa mbali walikuwa mbali. Ngozi ilikuwa ya kuazima. Vilima vilichorwa kwenye kitambaa. Ndama alikuwa wa muuza maziwa wa jirani, na kabla picha haijapigwa alishaanza kuutafuna mlima. Ujira wa babu ulikuwa kofia mpya.

"Tazama hapo pembeni," shangazi akasema. "Mlima umeliwa."

Nilitazama. Kweli mlima ulikuwa na pengo. Ukurasa wa arubaini na kitu, pengo hilo nilikuwa nimeliandikia aya nzima juu ya mmomonyoko wa udongo.

Shangazi hakuwa na picha nyingine ya babake. Alitaka jambo moja tu: kitabu kikichapwa tena, chini ya picha liandikwe jina la babake. Nikamjibu kwa lugha ya chuo, kwamba kumbukumbu za familia zina thamani yake lakini si ushahidi.

"Wanisomea kesi?" akauliza, akarudi kwenye mchele wake.

Kila Idi nilikwenda kumpa mkono. "Shikamoo shangazi." "Marahaba. Mtazame alivyoushika mkuki. Yule kashika pondo." Pondo ni ule mti mrefu wa kusukumia chombo penye maji machache. Mimi nikitabasamu kama anavyotabasamu msomi, nikila halua yake.

Mwaka huu mchapishaji akataka toleo la pili. Shangazi alikuwa hatoki tena kitandani, na macho yake yalikuwa yanafifia.

"Nshachoka kukwambia," akasema. "Kawaulize wachungaji wenyewe."

Miaka yote hiyo nikiitwa mtaalamu wa wachungaji, sikuwahi kumuuliza hata mmoja. Na nilikuwa naye karibu: rafiki niliyesoma naye chuo, amezaliwa bomani, babake anafuga ng'ombe hadi leo. Nikamtumia picha kwa simu bila maelezo yoyote.

Asubuhi ya pili nilikuwa nimekaa kitandani kwa shangazi simu ilipolia. Nikaiweka sauti ya juu ili naye asikie.

"Baba kacheka mpaka kakohoa," rafiki yangu akasema. "Huyu mtu mmemtoa wapi? Haya, ongea naye mwenyewe."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Sasa nieleze. Mkuki kaushika kwa mikono miwili, mmoja juu, mmoja chini, kainama kidogo, kama anasukuma kitu. Anasukuma nini? Halafu huyo ndama anamkwepa. Mchungaji gani anamwogopa ndama?"

Shangazi akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Mwambie anasukuma mashua!" akasema kwa sauti ambayo sikuisikia kwake mwaka mzima. "Mwambie ni babaangu!"

"Nani huyo anayesema?" mzee akauliza.

"Mtoto wake, mzee," nikajibu. "Na mimi ni mjukuu wake."