Kichwa cha Ralitsa

Penka amelea watoto wa watu miaka ishirini na sita katika nyumba ya watoto hapa Vratsa, ninapopika mimi. Wanaomrushia viatu na wanaomtukana, wote huishia kumwita shangazi. Hana maneno mengi. Huketi tu kando ya mtoto, akimenya tufaha.

Ralitsa aliletwa nikiwa Uhispania kuchuma stroberi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, amekulia hukohuko Uhispania, na hakusema na mtu. Kila siku baada ya chakula Penka alimuuliza, "Mwanangu, nikae nawe?" Mtoto alishusha kichwa, akakiinua. Kwetu Bulgaria hiyo ni hapana. Anayekubali hutikisa kichwa huku na huku. Basi Penka akaondoka na tufaha lake. Siku arobaini hivyo hivyo.

Niliporudi nikaliona jambo hilo kwa macho yangu, nikamaka.

"Penka, kichwa maji wewe! Kule alikolelewa hiyo ni ndiyo! Mtoto anakuita, wewe unampa kisogo!"

Penka alifuta kisu kwenye aproni, akarudi kwa Ralitsa.

"Mwanangu, nikae nawe?"

Ralitsa akashusha kichwa, akakiinua. Penka akavuta kiti, akakaa, akaanza kumenya.

Mtoto akamtazama kama anayetazama ukuta. Kisha tukasikia sauti yake kwa mara ya kwanza, kwa Kibulgaria.

"Nimesema hapana. Si ndivyo mnavyokataa huku?"