Siku Aliyobonyeza "Weka Sasa"

Fundi cherehani alikuwa na pengo la jino la mbele, na aliyeling'oa jino hilo ni mumewe, kinyozi. Mtaani kinyozi yule alisifika kwa mkono mwepesi. Wazee walimkabidhi koo zao wakasinzia kitini. Nyumbani mkono huohuo ulikuwa nyundo.

Mkewe alimkimbia mara mbili. Mara ya kwanza alijificha kwa shoga yake, akafuatwa kabla hajafungua mkoba. Mara ya pili alipanga chumba upande wa pili wa mji, asimwambie hata mama yake mzazi. Kinyozi alifika asubuhi, akapiga hodi kwa adabu, na mlango ulipofunguliwa akamponda uso kwa kufuli. Ndipo jino lilipotoka. Polisi wakasema hayo ni mambo ya ndani, wakazungumze.

Kilichomchanganya ni kimoja: alijuaje alipo?

Jibu alilipata kwa wifi yake, dada wa kinyozi, ambaye alikuwa fundi wa simu. Wateja walimtania kwamba yeye ndiye wifi pekee anayetengeneza waifai. Fundi cherehani alimpelekea simu abadilishiwe betri, maana chaji ilikuwa haikai. Wifi akaipekuapekua, kisha akaenda kufunga mlango wa duka.

Ndani ya simu mlikuwa na programu ya siri. Ilimwonyesha kinyozi mkewe yuko wapi na anaongea na nani. Wifi akauliza kwa nini hakuweka toleo jipya la mfumo, ilhali tangazo lake limejaa kwenye kioo. Mumewe alimkataza, fundi cherehani alijibu. Alimwambia akiapdeti simu itakufa, na vipimo vya wateja vyote vipotee. Basi kila tangazo lilipotokea, yeye alibonyeza "baadaye".

"Ukiliweka, kidude chake kinakufa," wifi alisema. "Lakini kaka ataona kimekatika. Namjua. Atakuja."

"Na nikiitupa simu?"

"Atajua vilevile."

Wifi aliipiga picha programu ile kwa simu yake mwenyewe, ili safari hii polisi wakose la kusema. Fundi cherehani akajipapasa pengo kwa ulimi. Kisha akabonyeza "weka sasa". Hakujiona jasiri. Alichoka tu kuogopa kidogokidogo kila siku.

Simu ilikuwa bado inajiwasha upya kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili tu, alipouvunja mlango kwa teke, wembe mkononi. Dada yake akasimama mbele yake kumzuia. Kinyozi alimkunja dada yake mkono nyuma mpaka mfupa ukalia, akamsukuma chini. Kisha akamkamata mkewe nywele, akambamiza kwenye kabati la vioo mara ya kwanza, mara ya pili, vioo vikamwagika. Wembe ulimpasua kutoka sikioni hadi kidevuni. Damu ikamwingia mdomoni.

Mkono wa fundi cherehani ulipapasa mezani ukakuta chuma cha kulehemu, ambacho wifi alikuwa hajakichomoa kwenye umeme. Akakizamisha shavuni mwa mumewe. Nyama ilichemka. Wembe ukadondoka, naye kinyozi akapiga magoti akilia, lakini fundi cherehani hakuacha. Alimchoma bega, akamchoma mkono ule uliosifiwa, akaendelea.

"Basi, wifi," alisema dada mtu kutoka sakafuni. "Atakufa. Basi."

Akaacha.

Majirani wa dukani walimfunga kinyozi kwa waya mpaka polisi walipofika, na picha ile ikatazamwa. Alifungwa. Simu ilikutwa chini ya vioo ikiwaka, na vipimo vyote vimo.

Fundi cherehani alishonwa uso, akabaki na kovu nene. Kwa miezi mingi hakuweza kushika pasi. Harufu ya kitambaa chenye joto ilimtapisha. Alimwota mumewe akilia, na akiamka hakujua kama anamhurumia au anajiogopa mwenyewe.

Mama mkwe alimfungia binti yake mlango, akisema amemuuza kaka yake. Wifi akahamia kwa fundi cherehani. Mkono wake haukunyooka tena, kwa hiyo kila asubuhi mwenzake humfunga vifungo vya blauzi, huku wakizozana kuhusu sauti ya redio.