Mishono Nje

Mzee Koti hakuwa amechanganyikiwa hata chembe. Hilo tuelewane mapema. Alikuwa fundi aliyeshona suti za mabwana harusi tangu ujanani, na akili zake zilikuwa kali kama mkasi wake. Kilichomtafuna ni upweke. Mkewe alikuwa ameshatangulia, wateja walihamia nguo za dukani, na cherehani ilikaa pembeni imefunikwa shuka. Kutwa nzima mwenzake redio.

Siku moja, kwa kupitiwa tu, alimwita binti yake kwa jina la marehemu mkewe. Binti, ambaye kuonekana kwake kulikuwa kwa nadra, alishtuka. Jumapili iliyofuata akaja na machungwa. Akamkata babake kucha, akakaa hadi jua likazama. Lo! Mzee akaona kumbe kusahau kuna faida.

Basi akaanza kusahau makusudi. Leo chumvi kwenye chai, kesho funguo ndani ya birika. Utamu ukamkolea. Jumapili moja akampokea binti akiwa amelipindua koti, mishono yote nje, bitana inang'aa. Fundi suti mzima, jamani! Binti akaenda jikoni kuosha vyombo. Tangu hapo hakukosa kuja.

Sasa mzee akataka kuandika wosia, nyumba amwachie huyo binti. Wanawe wa kiume walikuwa na majumba yao huko mbali. Huyu alikuwa akihangaika na vyumba vya kupanga.

"Mzee wangu," wakili akamwambia, "kwa umri wako tupate kwanza cheti cha daktari kwamba akili zako ni timamu. La sivyo kaka zake wataupinga mahakamani, binti atoke mikono mitupu."

"Cheti tu? Twende hata sasa hivi!"

Daktari alimuuliza tarehe, akajibu. Akamwambia achore saa, akachora. Kisha akamgeukia binti, aliyemsindikiza. "Na nyumbani anaendeleaje?"

Mtoto wa watu, asiyejua uongo, akaeleza yote: chumvi, funguo, koti. Akalia. Daktari akaweka kalamu chini.

Mzee akaona nyumba inamponyoka mwanawe hivi hivi. Ikabidi aseme. "Daktari, nilikuwa naigiza."

"Wengi husema hivyo, mzee," daktari akajibu kwa upole, upole ule unaotia hasira.

"Sikiliza basi! Siku ya koti alikuja na gauni la kijani, pindo limefumuka upande wa kushoto. Aliniambia mwanawe mdogo ana homa, kamwacha kwa jirani. Akafungua bomba maji yapige kelele, nisimsikie akilia. Nikamsikia. Jumapili iliyofuata nikatia tena chumvi kwenye chai."

Daktari akaichukua kalamu, akaandika. Binti hakumtazama tena babake.

"Mtoto wangu alikuwa na homa, baba," alisema walipofika nje.

"Najua, mama. Nimekukosea. Nilitaka uje tu."

"Si ungesema?"

Wosia ukaandikwa, ukatiwa sahihi. Nyumba ikawa salama. Jumapili ikafika, mzee akapiga pasi shati, akaandaa vikombe viwili. Hola. Na iliyofuata, hola. Akipiga simu anaambiwa mambo ni mengi, na kweli yalikuwa mengi. Ila hata zamani yalikuwa mengi, na alikuwa anakuja.

Asubuhi moja, kwa kuchoka kukaa bure, akaifunua cherehani. Akashika uzi, mkono ukasita. Unapita wapi huu? Akaitazama mashine aliyoishi nayo umri mzima, asijue pa kuanzia. Hofu ikamwingia. Akatafuta kitu cha kushikilia, akalitafuta jina la mkewe, nalo hakuliona. Akampigia binti yake simu.

"Mwanangu, mama yako alikuwa anaitwa nani?"



"Baba, tafadhali," binti akasema. "Usianze tena."

Akakata simu.