Fungu la Ndovu

Asubuhi yangu ya kwanza katika kazi ya kuongoza watalii nilisimama kwenye lango la bandari ya Mombasa, nimevaa sare iliyonipwaya, nikakosa pa kuweka macho. Mimi ni mzaliwa wa Msambweni, bahari naijua tangu sijaweza kusimama, lakini meli ya watalii sikuwa nimeiona kwa karibu. Ule ni mtaa mzima wenye madirisha, umeegeshwa gatini, na watu wake wanashuka kwa ngazi kama siafu, hawaishi.

Mkuu wetu wa safari wakati huo alikuwa Mzee Bakari, mtu wa Waa, mfupi, kofia ya kiua haimtoki kichwani. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba, binti yangu. Mbona umeachama?"

"Naangalia ilivyo kubwa, mzee."

"Iangalie ushibe sasa hivi. Jioni itaondoka, na ikimwacha hata mmoja wa wageni wetu, atakayeulizwa ni wewe, si nahodha."

Nyinyi mnaoingia kazi hii leo mna simu za kuwaonyesha njia, na mna barabara ya Dongo Kundu ya kuikwepea feri ya Likoni. Sisi feri ndiyo iliyoshika roho zetu. Mimi niliishia darasa la sita. Kiingereza nilikiokota kwa wageni wa hoteli za Galu, nilikokuwa nafua mashuka. Lakini kupanga siku ya meli nilifundishwa na Mzee Bakari, nikaelewa. Siku hiyo haipangwi kuanzia asubuhi. Unaanzia saa ya ngazi, yaani ile saa mabaharia wanapoivuta ngazi na mlango ukafungwa. Kutoka hapo unarudi nyuma: ukaguzi wa langoni, foleni ya feri, mteremko wa kutoka Kwale mpaka Kombani, kutoka hifadhini kule Milima ya Shimba. Kinachobaki ndicho cha mgeni: kumtafuta palahala, yule mnyama mweusi mwenye pembe zilizopinda kwa nyuma, ambaye Kenya hii utamwona Shimba tu, kushuka kwenye maporomoko ya maji, kula.

Na kabla mgeni hajapewa chake, Mzee Bakari alikata kipande cha saa akakiweka kando. Tulikiita fungu la ndovu. Si la kuwatazama, la. Ni la wao kuziba njia. Barabara za Shimba ni nyembamba, msitu umekaza huku na huku, na ndovu wakiamua kusimama katikati huna pa kupitia. Unazima gari, unanyamaza, unangoja.

"Na wasipotokea?" nilimwuliza.

"Wasipotokea, wageni watakunywa chai bandarini wakikusifu umewarudisha mapema. Lile fungu si lako wewe. Usiliguse."

Mara ya kwanza kuwangoja nilikuwa na wageni ambao tangu asubuhi walikuwa wakipiga kelele ndani ya gari kama wako harusini. Ndovu wakatoka msituni, mmoja, wa pili, na ndama kati yao. Hawakusikika. Mnyama mkubwa kama nyumba anakanyaga majani makavu na wewe husikii kitu, unamwona tu keshafika. Gari zima likanyamaza. Mzee mmoja wa kizungu alivua kofia yake, akaishika kifuani mpaka walipomalizika kupita. Nimefanya kazi ile miaka mingi na sikuwahi kuwazoea. Na Mwenyezi Mungu anisamehe, siku nyingine nilisahau kama kuna meli.

Mzee Bakari alipostaafu akaja Bwana Chengo, meneja wa operesheni. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye alinitaja mimi kwa jina mahali ambapo sikuwepo kujitetea. Alimwahidi wakala wa meli, yule anayewaletea abiria safari, kwamba sisi tunaweza bahari na mlima kwa siku moja: asubuhi kuogelea Galu, chakula hotelini, mchana Shimba, jioni melini. Alituita ofisini, pale Kona ya Musa, akatueleza huku akitembea chumbani.

"Bwana meneja," nikasema, "fungu la ndovu liko wapi?"

Akawageukia madereva. "Jamani, mwamsikia Mwanaisha? Ndovu nao wataka posho!"

Wakaangua kicheko. Kombo, dereva niliyepangiwa naye, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Mimi sifanyi mzaha. Wakisimama njiani je?"

"Mtapiga honi. Ndovu ni mnyama, dada yangu, siye chifu."

Siku ilipofika, nani angewatoa wageni katika maji yale ya Galu? Walitoka kwa kubembelezwa. Tulifika Shimba jua limeshapinda, palahala wamejificha, maporomoko tukayaacha. Wageni wakaanza kuulizana kuhusu meli yao. Tulipokuwa tunatoka, kwenye kona yenye mianzi, ndovu hao wamesimama. Mama yao alikuwa katikati ya barabara, masikio ameyafungua, na nyuma yake ndama alikuwa akihangaika kupanda kingo ya udongo, anateleza, anajaribu tena.

"Zima gari," nilimwambia Kombo.

Akazima. Hapo simu ya Kombo ikalia, na sauti ya Chengo tukaisikia sote: "Mko wapi nyinyi? Ngazi itapandishwa! Pita! Mpigie honi, pita!"

"Kombo, kuna mtoto pale. Ngoja."

"Dada Mwanaisha, mimi nina watoto nyumbani. Kazi ikiniponyoka utawalisha wewe?"

"Utawalisha ukiwa hai!"

Akawasha. Akapiga honi, akakanyaga mafuta. Yule mama hakutoa sauti. Alikuja. Kombo akarudi nyuma kwa pupa, gurudumu likaingia mtaroni, gari likalala ubavu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikatupwa nje. Nyonga yangu niliisikia ikivunjika, sauti kama ya kuni.

Kilichofuata nimekisimulia mara nyingi na bado nashindwa kukipa maneno. Alisimama juu yangu. Anga yote ikawa yeye. Akateremsha mkonga, akaninusa uso, akaninusa kifua, pumzi yake ya moto, yanukia majani mabichi. Angetaka, ningekuwa udongo. Nikatamka shahada. Ndama akalia kule kwenye kingo, na yeye akanyanyua mguu, akauvusha juu ya miguu yangu kwa uangalifu, kama mtu anayemruka aliyelala msikitini, akaenda kumsukuma mwanawe kwa kichwa mpaka akapanda.

Wageni walipata michubuko tu, alhamdulillahi. Meli iliwaacha. Mama mmoja mtu mzima alikaa nami majanini akinikinga jua kwa shali yake mpaka askari wa hifadhi walipofika, na saa yake hakuitazama hata mara moja. Nilipokuwa nimelazwa, Chengo aliwaambia watu wa meli kwamba mwongoza watalii Mwanaisha alizembea, akawachelewesha wageni. Kombo alikuja hospitalini, akalia, akaniomba radhi, nikamsamehe. Chengo hadi leo bado yuko kwenye kiti chake. Mimi nilistaafishwa kabla ya umri wangu, natembea kwa gongo, na baridi ikiingia nyonga hainipi usingizi.

Riziki, mtoto wa kaka yangu, ameajiriwa pale pale. Nilimkataza, hakukatazika, basi nikamfundisha. Juzi meli ilipotia nanga, simu yangu ililia alasiri.

"Shangazi," ananong'ona, "wamesimama barabarani. Wengi. Tumezima gari."

"Wageni wako vipi?"

"Wametulia. Shangazi, bado kuna saa, nililiweka fungu lao. Lakini Bwana Chengo apiga kwenye laini nyingine. Apiga sana. Ameniandikia ujumbe, nisipopokea leo, kesho nisije."

Nikamfikiria kaka yangu, na karo, na paa lao. Nikafikiria na ile anga iliyokuwa yule ndovu.

"Waonaje wewe mwenyewe, mwanangu?"

Nikasikia tawi likivunjwa, karibu kabisa na gari, kisha likitafunwa polepole, na mgeni mmoja akivuta pumzi kama mtoto.

"Shangazi," akasema Riziki, na sauti yake haikuwa na hofu tena, "kuna mdogo anainusa taa ya gari."

"Niambie alivyo," nikamwambia, nikakaa kitako.